Muyaka bin Haji na Mahasimu Wake: Maisha ya Malenga wa Mvita

Kila panapotajwa ushairi wa Kiswahili wa karne ya 19, jina linalotangulia aghalabu ni la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Wasomi wamemsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, yaani kuutwaa utungo uliokuwa umezoea mambo ya dini na mawaidha na kuutia katika siasa, biashara, mapenzi na ugomvi wa majirani. Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, liko jambo jingine katika maisha yake ambalo mara nyingi hupitiwa kwa haraka. Muyaka hakutunga akiwa peke yake. Sehemu kubwa ya tungo zake za kisiasa zilikuwa majibu, na nyingine zilikuwa maneno ya uchokozi yaliyotarajia majibu. Aliishi katika usemezano, na waliosemezana naye walikuwa mahasimu wa mji wake. Anayeusikiliza usemezano huo kwa makini, na hasa toni yake, hugundua kwamba mahasimu wale walifanana kuliko walivyopenda kukiri. Maisha ya Muyaka yenyewe ndiyo ushahidi wa jambo hilo.

Mji na watu wake

Wahariri wa tungo zake wamekadiria kwamba Muyaka alizaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840. Maisha yake, kwa hiyo, yaliangukia katika kipindi kigumu mno cha historia ya Mvita. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa imetekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Katika karne ya 18, uliwali wa Mombasa ulishikwa na ukoo wa Mazrui. Dola ya Oman ilipoingia mikononi mwa Mabusaidi katikati ya karne hiyo, Mazrui walikataa kuwatambua watawala hao wapya. Tangu hapo Mombasa ikawa mji unaojitawala, wenye liwali asiyetumwa na mtu, na wenye ngome iliyokuwa ikitamaniwa na kila mwenye jahazi za vita.

Mazrui hawakutawala peke yao. Wenyeji wa kisiwa walikuwa wamejipanga katika Thenashara Taifa, na hizo nazo ziligawanyika pande mbili: Tisa Taifa, waliokuwemo Wamvita wenyewe na wenzao kama Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wakilindini walikuwa na mji wao wa zamani upande wa magharibi wa kisiwa, mbali na mji uliokua kandokando ya ngome, ambao leo huitwa Mji wa Kale. Kila upande ulikuwa na kiongozi wake, aliyeitwa tamimu, na liwali wa Kimazrui hakuweza kutawala bila kuzipatanisha pande zote mbili. Mvita ulikuwa mji mmoja wenye nyoyo mbili, na yeyote aliyekulia katika vichochoro vyake alijifunza mapema kwamba hasimu anaweza kuwa ng'ambo ya bahari, na anaweza pia kuwa nyuma ya ukuta wa nyumba.

Muyaka alikuwa upande wa Mazrui. Alikuwa karibu na watawala hao, akayatetea mambo yao kwa ulimi, akawahimiza walipolegea na kuwasifu waliposhinda. Lakini asingetosha kuitwa msemaji wa ngome tu. Tungo zake zinamwonyesha mtu aliyeijua bahari na jahazi, bei na deni, nyumba na unyumba, raha ya kupata na fedheha ya kukosa. Aliyasikia maneno ya barazani na akayarudisha barazani yakiwa yamepimwa mizani. Ndiyo maana watu waliyahifadhi kichwani kwa miongo mingi kabla hayajakusanywa na kuandikwa.

Ufundi wa kujibizana

Chombo alichokitumia Muyaka kilikuwa shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na vipande viwili vya mizani nane nane, na vina vya kati na vya mwisho vikienda sambamba hadi kwenye kibwagizo. Ubeti wa namna hiyo ni mfupi kiasi cha kushikika kwa kusikia mara moja au mbili, na una nafasi ya kutosha kubeba hoja, mfano na kejeli. Kwa sababu hiyo ulifaa sana kwa kupelekeana. Baharia aliyeusikia ubeti bandarini Mombasa aliweza kuufikisha Amu au Pate bila kuuandika.

Katika desturi ya kujibizana, anayejibu hana uhuru wote. Humlazimu kuliheshimu umbo alilotumia mwenzake, na mara nyingi huchukua vina vyake, au kibwagizo chake, au fumbo lake, akalirudisha likiwa limegeuzwa maana. Fumbo lisilofumbuliwa ni aibu kwa aliyefumbiwa, na fumbo lililofumbuliwa vyema humpokonya silaha aliyelitunga. Jambo hili halikuwa geni katika ulimwengu wa fasihi ambao Waswahili walikuwa na mawasiliano nao. Washairi wa Kiarabu Jarir na al-Farazdaq, walioishi zama za Bani Umayya, walitukanana kwa miaka mingi katika kasida zilizoitwa nakaidi, na sharti la kasida hizo lilikuwa kwamba anayejibu atumie bahari ile ile na kina kile kile cha mpinzani wake.

Sharti hilo lina maana kubwa kuliko ufundi. Anayemjibu hasimu kwa mizani yake amekubali, kabla hajasema neno, kwamba hasimu huyo ni mtu wa kusemezana naye. Hamjibu mtu wa namna hiyo isipokuwa unaelewa anachokisema, unajua kwa nini kinauma, na unatambua kwamba wasikilizaji wenu ni wamoja. Uhasimu wa kishairi hujengwa juu ya udugu, hata pale ambapo kila neno lake linaukana udugu huo.

Vita vya Kuduhu

Jaribio kubwa la kwanza la usemezano huo lilikuja kati ya mwaka 1812 na 1814. Mombasa na Pate walikuwa wameungana kuitia Amu chini ya mkono wao. Kutoka Mvita lilikuwepo jeshi la Mazrui. Kutoka Pate walikuwepo watu wa Nabahani. Amu nao walikuwa na viongozi wao, na miongoni mwao alikuwemo Zahidi Mngumi, aliyekuwa mkuu wa watu wake na mshairi wao vilevile. Kabla ya mishale na bunduki, zilitangulia beti. Mvita waliwatumia Amu maneno, na Amu wakarudisha maneno. Muyaka, aliyekuwa wakati huo mtu wa makamo ya miaka thelathini na kitu, alikuwa mmoja wa waliosimama upande wa Mombasa katika mapambano hayo ya ndimi.

Tungo za pande hizo mbili zikiwekwa pamoja, jambo la kwanza linaloonekana ni tofauti ya lahaja. Muyaka anazungumza Kimvita na Zahidi Kiamu. Pale Mmvita anaposema jambo, Mwamu husema yambo. Moja ya kusini huwa moya ya kaskazini. Lakini wote wawili hupita ndia na wala si njia, na wote wawili hutumia msamiati wa kale wa ushairi ambao mlango wake ulikuwa wazi kwa kila malenga wa pwani. Tofauti za lahaja ni kama mavazi ya pande mbili za mchezo; humwambia mtazamaji nani ni nani, lakini hazimwambii kwamba mchezo wenyewe ni tofauti.

Jambo la pili ni toni. Kila upande unajigamba kwa ushujaa wa wazee wake. Kila upande unamwonya mwenzake asidanganywe na wingi wake au na marafiki zake. Kila upande unamnasihi mwenzake kana kwamba ni mtoto aliyepotoka, kisha unamkejeli kana kwamba nasaha hiyo haikutolewa kwa dhati. Hasira imevikwa adabu, na adabu imetiwa sumu. Pale Mvita anapojifanya mwenye subira, Amu naye hujifanya mwenye subira zaidi. Pale Amu anapotaja haki, Mvita huitaja haki iyo hiyo. Lau yangeondolewa majina ya watu na miji, na lau lahaja zingesawazishwa, msomaji angepata taabu kubwa kutambua ni nani mvamizi na ni nani anayelinda mji wake. Hilo si dogo, kwani kwa kweli upande mmoja ulikuwa umevuka bahari na mwingine ulikuwa nyumbani kwake. Toni inawafananisha hata pale ambapo hali zao zilikuwa mbali.

Vita vyenyewe vilipiganwa Shela, kwenye mchanga wa kusini mwa kisiwa cha Amu, na vikajulikana kwa jina la Kuduhu. Majeshi ya Mombasa na Pate yaliteremka pwani na kukutana na watu wa Amu, yakashindwa. Walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na majahazi yamekwama mchangani. Wengi waliuawa hapo hapo ufuoni. Kwa mji wa mabaharia, hapakuwa na fedheha iliyozidi ile ya kusalitiwa na maji. Muyaka, aliyekuwa ameuinua mji wake kwa maneno, alilazimika sasa kuishi na maneno ambayo matukio yalikuwa yameyakana.

Mgeni mlangoni

Ushindi wa Amu haukuwapa Waamu utulivu. Waliogopa kwamba Mombasa ingerudi kulipiza kisasi, kwa hiyo wakatuma wajumbe Oman kumwomba Seyyid Said bin Sultan awe mlinzi wao. Said, aliyekuwa ameshika madaraka tangu mwaka 1806, alikuwa akiingoja fursa ya aina hiyo. Alituma liwali, akasaidia kukamilishwa kwa ngome ya Amu, na tangu hapo akawa na mahali pa kuweka mguu wake katika pwani ya kaskazini. Mwaka 1822 nguvu zake ziliwatoa Mazrui Pate, na mwaka 1823 zikawanyang'anya Pemba, kisiwa kilichokuwa ghala la nafaka la Mombasa.

Watu wa Mvita waliwalaumu Waamu kwa kumwita mgeni. Lakini hofu ilipofika mlangoni kwao, walifanya jambo lile lile. Kapteni William Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza alipopita pwani, Mazrui wakiongozwa na Suleiman bin Ali walimwomba awape bendera ya nchi yake. Mwaka 1824 bendera hiyo ikapandishwa juu ya Ngome ya Yesu. Owen alimwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi, naye akafa kwa homa baada ya miezi michache. Serikali ya London haikuukubali mpango wa Owen, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Kilichobaki cha ulinzi ule ni jina la Leven, merikebu ya Owen, ambalo hadi leo limebaki katika jumba moja la Mji wa Kale karibu na bandari ya zamani.

Hapa ndipo mfanano uliokuwa umefichika ndani ya beti ulipojitokeza katika vitendo. Amu alimwogopa Mvita akamwita Said. Mvita alimwogopa Said akamwita Mwingereza. Kila mmoja aliamini kwamba yeye anatumia mgeni, na kwamba mwenzake ndiye anayetumiwa. Toni ya kujiamini waliyokuwa wakitumiana kabla ya Kuduhu ilikuwa imeyatangulia makosa yao wote wawili. Malenga wa kila upande aliona udhaifu wa mwenzake kwa jicho kali sana, na jicho hilo hilo lilikuwa zito kujiangalia.

Muyaka aliendelea kusema. Tishio la Said lilipozidi, tungo zake ziliwageukia Wamvita kuwataka wasimame imara. Said alikuja mwaka 1828, akapewa nafasi ngomeni kwa makubaliano, na alipoondoka Mazrui wakawazingira askari aliowaacha mpaka wakaitoa ngome. Alijaribu tena mwishoni mwa mwaka 1829, na mara nyingine mwaka 1833, bila kufaulu. Miaka hiyo ilikuwa ya fahari kwa Mombasa, na ilikuwa miaka ya fahari kwa malenga wake pia. Katika tungo zinazohusishwa na harakati hizi, mji unaitwa kwa majina yake ya kale, Gongwa na Kongowea, na unachorwa kama mahali penye kina kinachomtisha asiyepajua. Mji mdogo wa kisiwani ulikuwa umeirudisha nyuma dola yenye merikebu nyingi, na neno la Muyaka lilikuwa na sehemu yake katika kuwatia watu moyo.

Ni vyema kukumbuka kwamba toni ya beti hizo dhidi ya Said ni tofauti kidogo na ile ya beti za Kuduhu. Said hakujibu kwa shairi la Kiswahili. Alijibu kwa mizinga, kwa mikataba na kwa zawadi. Muyaka alipomrushia kejeli hakurudishiwa kina chake. Dhidi ya Waamu, Muyaka alikuwa na mshindani. Dhidi ya Said, alikuwa na adui tu. Msikilizaji makini huweza kuihisi tofauti hiyo. Katika beti za Kuduhu kuna ladha ya mtu anayemjua anayemtukana. Katika zile za baadaye maneno yanaelekezwa zaidi kwa wenyeji kuliko kwa mvamizi, kwa maana wenyeji ndio waliokuwa na masikio ya kuyasikia.

Uhasimu wa ndani

Na wenyeji ndio walioamua mwisho wa mambo. Salim bin Ahmed, liwali aliyeongoza upinzani dhidi ya Said, alifariki mwaka 1835. Jamaa wa Mazrui wakagombana kuhusu nani amrithi, na katika ugomvi huo maelewano na Thelatha Taifa yakavunjika. Viongozi wa upande wa Wakilindini, walioona kwamba wamedharauliwa, walimgeukia Said. Zile nyoyo mbili za mji zilikuwa zimetengana.

Muyaka alikuwa amekwisha kuuona ufa huo. Miongoni mwa tungo zake zimo zinazowalaumu watu wa mji wake mwenyewe, wale wanaosema hivi mchana na vile usiku, wanaotabasamu barazani na kupanga lingine faraghani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba malenga huyu alipowageukia wenzake hakuunda toni mpya. Alitumia ile ile aliyowahi kuitumia dhidi ya Amu: nasaha inayoishia katika kejeli, fumbo linalomtaka mlengwa ajitambue mwenyewe, na onyo la mtu anayesema kwamba amenena na hatalaumiwa. Lugha iliyokuwa imeandaliwa kwa hasimu wa mbali ilitosha bila kubadilishwa kwa hasimu wa karibu. Hapo ndipo inapobainika kwamba haikuwa lugha ya kuwaelezea Waamu tu. Ilikuwa lugha ya kueleza jinsi watu wa miji ya pwani walivyokuwa wakipotezana wao kwa wao.

Mwaka 1837 Said aliingia Mombasa bila vita vikubwa. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui, aliitoa ngome. Muda si mrefu wakuu wa ukoo wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na huko wakafia kifungoni. Waliookoka walihama, wengine wakaenda Gasi upande wa kusini na wengine Takaungu upande wa kaskazini. Katika Ngome ya Yesu akakaa liwali wa Seyyid Said, kama alivyokuwa amekaa liwali wake Amu kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyeshinda Kuduhu na aliyeshindwa Kuduhu sasa walikuwa chini ya bendera moja.

Muyaka aliishi kiasi cha miaka mitatu baada ya hayo. Wale aliokuwa akiwasemea hawakuwepo tena. Wale aliokuwa akiwajibu hawakuwa na haja tena ya kujibiwa, kwa sababu uhasimu wao ulikuwa umefunikwa na uhasimu mkubwa zaidi, na huo nao ulikuwa umekwisha. Alifariki katika mji uliokuwa umebadilika bwana, na ambao ulikuwa bado unazikumbuka beti zake.

Beti zilizobaki

Tungo za Muyaka hazikukusanywa na yeye mwenyewe. Zilibaki katika vichwa vya watu na katika karatasi za hati ya Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 19, mmishenari W. E. Taylor, aliyekuwa akiishi Mombasa na kukijua Kimvita kwa kiwango cha kusifika, alizikusanya kwa msaada mkubwa wa msomi wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Kazi ya Mwalimu Sikujua haikuwa ya kukumbuka maneno tu. Alieleza pia kilichowafanya watu waseme hivyo, kwani shairi la kujibizana likitenganishwa na ugomvi uliolizaa hubaki fumbo lisilo na ufunguo. Mikusanyo ya Taylor ilifika London na kuhifadhiwa katika chuo cha masomo ya Mashariki na Afrika. Kutoka huko William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana kuhusu Muyaka na ushairi wa watu wa karne ya 19, ulioziweka tungo hizo katika historia na jamii yake.

Hata hivyo, diwani ya mtu mmoja ina hasara yake. Humweka malenga mbele na kuwaacha nyuma wale waliosemezana naye. Anayemsoma Muyaka katika diwani pekee ni kama mtu anayesikia upande mmoja wa ugomvi kupitia ukutani. Atajua nani amekasirika, lakini hatajua ni kwa kiasi gani aliye ng'ambo amekasirika vivyo hivyo. Ndiyo maana kitabu cha Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff kuhusu mashairi ya vita vya Kuduhu, kilichotoka mwaka 1995, kina umuhimu wa pekee. Kiliwarudisha mahasimu barazani pamoja, na msomaji akaweza tena kuzisikia sauti zikipokezana.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha ya Muyaka yana funzo linalovuka mipaka ya ushairi. Mara nyingi wahusika wawili wanaopingana katika riwaya au tamthilia huchambuliwa kwa kuorodhesha tofauti zao: huyu mwema na yule mwovu, huyu mnyonge na yule mwenye nguvu. Orodha hiyo huweza kuwa sahihi na bado ikakosa kiini cha uhasimu wao. Yafaa kuuliza pia wanazungumzaje wanapokutana. Je, wanakatizana kwa namna moja? Je, wanaapa kwa vitu vile vile? Je, kejeli ya mmoja ina mdundo wa kejeli ya mwingine? Msanii hodari aghalabu huyaweka katika mazungumzo yale ambayo wahusika wenyewe wasingekubali kuyakiri, yaani kwamba wanapigania kitu kimoja, kwa sababu moja, na kwamba kila mmoja anachukizwa na sura yake anayoiona kwa mwenzake. Muyaka na Zahidi hawakuwa wahusika wa kubuni. Lakini katika beti zao kila mmoja alimchora hasimu wake, na kila mmoja, bila kukusudia, akajichora mwenyewe.

Historia iliyofuata iliongeza ushahidi wake. Katika zama za ukoloni wa Kiingereza, Ngome ya Yesu iligeuzwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Amu, iliyokamilishwa kwa hofu ya Mombasa, nayo ikageuzwa gereza, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1984. Leo zote mbili ni makumbusho, chini ya taasisi moja ya taifa moja. Mgeni anayezitembelea huonyeshwa kuta nene na mizinga ya zamani, na huambiwa ni nani aliyeijenga kila moja ili kujikinga na nani. Beti walizorushiana watu wa ngome hizo zilikuwa zimekwisha kusema kwamba waliokuwa ndani na waliokuwa nje walikuwa watu wa lugha moja.